Vipimo vinne vya thamani ya kijamii na kimazingira: kipi kinaifaa biashara ya Mombasa?

Mfanyabiashara wa Mombasa anayetaka kujua iwapo uamuzi wake utawanufaisha watu na mazingira au utawadhuru hana uhaba wa vipimo. Vipo vingi, kila kimoja kina wataalamu wake, istilahi zake na ada zake, na kila mtaalamu hukisifu cha kwake. Kinachokosekana ni maelezo yanayoviweka vipimo hivyo mbele ya uamuzi mmoja, ili msomaji aone kila kimoja kinaona nini na kinaacha nini. Hapa nitalinganisha vinne: tathmini ya athari kwa mazingira inayodaiwa na sheria ya Kenya, viashiria vinavyoripotiwa kila mwaka, uwiano wa faida ya kijamii kwa kila shilingi iliyowekezwa, na hesabu ya mazingira inayogeuza madhara kuwa fedha.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji asome akiujua. Kila kipimo nitakiuliza kwanza kama kinamfikia mtu atakayebeba madhara, na kama kinamfikia kabla uamuzi haujapitishwa. Urefu wa hesabu, uzuri wa ripoti na jina la shirika lililobuni kipimo ni mambo ya kuangaliwa baadaye.

Uamuzi tutakaoulinganishia

Tuchukue hoteli ya kubuni yenye vyumba 80 huko Shanzu. Maji ya bomba hayaitoshi, kama yasivyowatosha wakazi wengi wa kaunti hii ambayo hutegemea vyanzo vilivyo nje ya mipaka yake: Mzima katika Taita Taveta, Baricho katika Kilifi, Marere na Tiwi katika Kwale. Wakurugenzi wana njia mbili mezani. Ya kwanza ni kuchimba kisima kirefu na kufunga mtambo wa kuchuja chumvi. Ya pili ni kusafisha majitaka ya hoteli yenyewe kwa vidimbwi vya matete, kisha kuyatumia kumwagilia bustani na kusukuma vyoo, ili mahitaji ya maji matamu yapungue. Njia ya kwanza huleta maji haraka. Njia ya pili huchukua eneo kubwa zaidi, inahitaji mafundi waliofunzwa, na faida yake huonekana polepole.

Nje ya ukuta wa hoteli wapo majirani wenye visima vifupi, na wapo wanaonunua maji kwa mtungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni. Hawa hawaonekani popote katika vitabu vya hesabu vya hoteli, ilhali wao ndio uamuzi huu utawagusa kwanza.

Tathmini ya athari kwa mazingira

Kipimo hiki hakichaguliwi, kwa kuwa ni sharti. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 na kanuni zake za mwaka 2003 zinataka miradi iliyoorodheshwa itathminiwe kabla ya kuanza, ripoti ipelekwe kwa NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira, na baadaye ukaguzi wa mazingira ufanywe kila mwaka. Kwa kisima, hoteli itahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Nyuma ya masharti haya yote kipo kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka 2010, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya.

Uzuri wake mkubwa ni wakati wake. Kati ya vipimo vyote vinne, hiki ndicho pekee kinachosimama mlangoni kabla ya shoka kushikwa, na ndicho pekee kinachompa jirani nafasi ya kisheria ya kusema. Biashara inayofanya mkutano wa majirani kwa moyo mmoja, kwa Kiswahili na kwa saa ambayo wavuvi na mama wa sokoni wanaweza kuhudhuria, hupata habari ambazo hakuna mshauri angeziuza: kisima gani huanza kuwa na chumvi mwezi wa pili, bomba gani hupasuka mvua za masika, nani alikuwa akipita hapo kwenda ufuoni.

Udhaifu wake ni mkubwa pia, na ningependa kuukazia kwa sababu wengi hudhani leseni ikishapatikana thamani imeshapimwa. Kwanza, tathmini hutazama mradi, na maamuzi mengi ya biashara hayahesabiwi kuwa miradi. Hoteli yetu ikiamua kutochimba chochote na badala yake inunue maji ya malori kila siku, hakuna atakayeidai tathmini, hata kama ununuzi huo utapandisha bei ya mtungi mtaani. Pili, kila ombi hupimwa peke yake. Hili la pili ndilo linaloniumiza zaidi katika pwani hii, kwa sababu ya jinsi maji yetu ya chini yalivyo.

Chini ya miamba ya matumbawe maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa kanuni inayojulikana sana miongoni mwa wataalamu wa maji, kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari huambatana na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba kisima kinachoshusha maji kwa kiasi kidogo tu juu huyaruhusu maji ya chumvi kupanda kwa kiasi kikubwa kutoka chini. Kisima kimoja cha hoteli huenda kisifanye madhara ya kupimika. Hoteli kumi, nyumba za kupangisha, viwanda na shule zikichimba mstari mmoja wa ufuo, kila moja ikiwa na ripoti inayosema athari yake ni ndogo, huweza kuvitia chumvi visima vya mtaa mzima bila ripoti hata moja kuwa ya uongo. Hakuna sahihi iliyokosewa, na bado maji ya mtu yameharibika.

Viashiria vya kila mwaka

Kipimo cha pili hakitoi hukumu, huhesabu. Mfumo unaotumiwa sana duniani ni wa GRI (Global Reporting Initiative, shirika linaloweka viwango vya kuripoti athari za kampuni), ulioanzishwa Boston mwaka 1997, miaka michache baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, nao ulipata sura ya viwango rasmi mwaka 2016. Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa kuripoti masuala ya mazingira, jamii na utawala mwaka 2021, na mwongozo huo umeegemea viwango vya GRI. Kwa hiyo kampuni iliyoorodheshwa sokoni, hata kama ghala lake liko Changamwe au Miritini, haina sababu ya kubuni mfumo wake yenyewe.

Kwa hoteli yetu viashiria vingekuwa vya kawaida kabisa: mita za ujazo za maji kwa kila mgeni kwa kila usiku, zikitenganishwa kwa chanzo chake, kiasi cha majitaka kinachotoka na hali yake, lita za dizeli za jenereta, ambapo kila lita moja inayochomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ya ukaa, mishahara ya chini inayolipwa ikilinganishwa na kima cha sheria, idadi ya wafanyakazi wa kandarasi na wa kudumu, ajali kazini. Na kimoja ambacho hakimo katika orodha nyingi lakini mimi ningekiweka juu: chumvi katika visima vitatu au vinne vya majirani, inayopimwa kila mwezi kwa kifaa kidogo cha mkononi na kuandikwa mbele ya mwenye kisima.

Nguvu ya viashiria iko katika kurudiwa. Takwimu ya mwaka mmoja haisemi mengi. Ya miaka mitano mfululizo, iliyopimwa kwa njia ileile, ni vigumu kuibishia. Pia ni nafuu. Mhasibu wa hoteli na fundi wa mabomba wanaweza kuikusanya bila mshauri kutoka Nairobi. Udhaifu wake ni kwamba viashiria havijipangi vyenyewe kwa uzito. Ripoti inaweza kuwa na kurasa 60, ya 4 ikisifia balbu zinazookoa umeme na ya 57 ikitaja kwa mstari mmoja kwamba matumizi ya maji ya kisima yameongezeka maradufu, na msomaji asijue lipi ni zito. Tena biashara ndiyo inayochagua cha kuhesabu, na kisichohesabiwa husahauliwa upesi.

Kuna jambo la kuangalia kwa makini hapa. Viwango vya S1 na S2 vya IFRS, taasisi ya kimataifa ya viwango vya uhasibu, vilivyotolewa mwaka 2023 na ambavyo wahasibu wa Kenya wanajiandaa kuvitumia, vinafanana na GRI kwa macho ya haraka, lakini vinatazama upande mwingine. Hivyo vinauliza mazingira yatafanya nini kwa fedha za kampuni: ukame ukizidi, bahari ikipanda, faida itapungua kiasi gani? GRI inauliza kampuni inafanya nini kwa mazingira na kwa watu. Benki inayotoa mkopo ina haki ya kuuliza swali la kwanza. Jirani mwenye kisima anahitaji jibu la swali la pili, na biashara inayojibu la kwanza peke yake haijapima thamani ya kijamii hata kidogo, hata ripoti yake iwe imekaguliwa vipi.

Uwiano wa faida ya kijamii

Kipimo cha tatu kilitokana na kazi ya mfuko wa REDF huko San Francisco katika miaka ya 1990, uliokuwa ukisaidia biashara zinazowaajiri watu waliokosa kazi na makao. Uingereza ilitoa mwongozo wake mwaka 2009 na kuurekebisha mwaka 2012, na mwongozo huo ndio unaofuatwa na wengi hadi leo. Wazo lake ni kuorodhesha mabadiliko yote yaliyowapata watu kwa sababu ya uamuzi, kuyapa thamani ya fedha, kisha kugawanya jumla hiyo kwa gharama. Jibu huja kama uwiano: kila shilingi moja imeleta shilingi kadhaa za manufaa.

Wafadhili huupenda uwiano huo kwa kuwa ni mfupi, na ufupi huo ndio hatari yake. Tuseme hoteli imechagua vidimbwi vya matete na, ili ipate mafundi, imetumia shilingi 400,000 kuwafunza vijana 20 wa mtaani kazi ya mabomba na usafishaji wa maji. Mwaka ukiisha, 12 wamepata kazi, na kipato cha kila mmoja kimeongezeka kwa shilingi 120,000 kwa mwaka. Mtu mwenye haraka atazidisha, apate shilingi 1,440,000, agawanye, na kutangaza kwamba kila shilingi imerudisha shilingi 3.60.

Mwongozo wenyewe haumruhusu. Unamtaka aulize kwanza wangapi wangepata kazi hata bila mafunzo hayo, tuseme 4. Halafu aulize wangapi wamechukua nafasi ambayo mwingine angeipata, kwa hiyo mtaa haukuongezewa kazi, tuseme 2. Wamebaki 6. Halafu aulize sifa ya hao 6 ni ya nani, maana chuo cha ufundi kilitoa walimu na karakana. Tuseme nusu kwa nusu. Wamebaki 3. Manufaa yanayoweza kudaiwa na hoteli ni shilingi 360,000, na uwiano ni 0.9, yaani chini ya shilingi iliyotumika. Namba hizi ni za mfano tu, lakini njia ya kufikia kila moja ni ile ambayo mwongozo unaitaka. Mradi huohuo, vijana walewale, na majibu yaliyo mbali namna hii. Tofauti iko katika maswali matatu ambayo tangazo la kwanza halikuyauliza.

Sisemi kwamba jibu la 0.9 linamaanisha mafunzo hayakufaa. Vijana wataendelea kulipwa mwaka wa pili na wa tatu, na heshima ya kuwa na ufundi haimo katika namba ile. Nasema kwamba uwiano usioambatana na maswali yake hauna thamani ya kulinganishia, na kwamba kulinganisha uwiano wa biashara moja na wa nyingine ni kosa hata wakati zote mbili zimehesabu kwa uaminifu, kwa kuwa kila moja ilikisia kivyake. Kipimo hiki kinafaa kulinganisha njia mbili ndani ya biashara moja, kwa makisio yaleyale, na watu walewale wakihesabu.

Kina jambo moja ambalo vipimo vingine vingepaswa kuliazima. Kanuni yake ya kwanza ni kuwashirikisha walioguswa, na kuwauliza wao ni nini kilichobadilika, kizuri na kibaya, kabla ya mpimaji kuamua cha kupima. Ikifanywa vizuri, hatua hiyo peke yake hulipa gharama ya zoezi zima. Ikirukwa, kinachobaki ni hesabu ya mtu mmoja ofisini kuhusu furaha ya watu asiowajua.

Hesabu ya mazingira kwa fedha

Kampuni ya PUMA ya Ujerumani ilitangaza mwaka 2011 hesabu ya faida na hasara ya kimazingira ya shughuli zake za mwaka 2010. Ilipata gharama ya euro milioni 145, na takriban asilimia 94 ya gharama hiyo haikuwa katika ofisi, maduka wala maghala yake, ilikuwa kwa wazalishaji waliomletea bidhaa na kwa wale waliowaletea hao ngozi, pamba na mpira. Hilo ndilo funzo bora kabisa la kipimo hiki: huonyesha mzigo uko wapi. Hoteli yetu ikijaribu zoezi kama hilo kwa ukadiriaji tu, huenda ikagundua kwamba nyama, mchele, mashuka na mafuta inavyonunua vina uzito kuliko vyote vinavyofanyika ndani ya ua wake, na kwamba mkataba na wavuvi wa jirani ni uamuzi wa kimazingira hata kama unatiwa sahihi jikoni.

Kipimo hiki kina matatizo mawili ambayo kwa Mombasa si ya nadharia.

La kwanza ni bei. Njia mojawapo inayotumiwa sana ya kukipa thamani kitu kisichouzwa ni kukadiria watu wako tayari kulipa kiasi gani ili wasikipoteze. Mwenye kipato kikubwa anaweza kulipa zaidi, kwa hiyo starehe yake huonekana kuwa na thamani kubwa zaidi. Mgeni wa hoteli atalipa dola kadhaa za ziada ili bustani iwe ya kijani. Mama wa Mtopanga hana cha kuongeza ili kisima chake kisiwe na chumvi, kwa kuwa pesa zake zimeshakwenda kwenye unga na karo. Hesabu iliyofanywa bila kurekebisha jambo hili inaweza kusema, kwa namba safi kabisa, kwamba bustani ina thamani kuliko kisima. Kila mtu anayejua maisha ya mtaani anajua kwamba jibu hilo ni dhuluma. Njia bora ni kutumia gharama halisi ya kurudisha hali: mama huyo atalipa kiasi gani kwa mtungi kila siku baada ya kisima kuharibika, kwa miaka mingapi? Hiyo ni namba inayoweza kuulizwa kwa jirani na kuhakikiwa.

La pili ni wakati. Wahasibu hupunguza thamani ya mambo ya baadaye kwa kiwango fulani kila mwaka. Manufaa ya shilingi 1,000,000 yatakayokuja baada ya miaka 30, yakipunguzwa kwa asilimia 10, huhesabiwa leo kuwa kama shilingi 57,000. Yakipunguzwa kwa asilimia 3, huwa kama shilingi 412,000. Hakuna kilichobadilika katika dunia isipokuwa asilimia aliyoichagua mhasibu. Mwenye kuitazama Bamburi ataelewa kwa nini hilo ni jambo zito. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mahali palipokuwa jangwa la mawe yenye joto na maji ya chumvi. Katika aina 26 alizojaribu, ni chache mno zilizoshika, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani yake makavu hayakuoza hadi jongoo walipoletwa kuyala na kuanza kutengeneza udongo. Leo pale pana msitu, mabwawa na wanyama, na ni mahali panapotembelewa na watoto wa shule kutoka pwani yote. Hesabu ya asilimia 10 iliyofanywa mwaka 1971 isingeuona msitu huo.

Mradi wa Mikoko Pamoja katika ghuba ya Gazi, Kwale, unaonyesha upande wenye nafuu wa kutumia fedha. Tangu mwaka 2013 wanakijiji huuza hati za hewa ya ukaa, yaani vyeti vya kiasi cha hewa hiyo kilichozuiwa kwenda angani, zinazotokana na kuhifadhi takriban hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 hivi za hewa hiyo kwa mwaka, na mapato yamesaidia maji na shule. Bei imekuwa na manufaa pale. Hata hivyo bei hiyo ni ya hewa ya ukaa tu. Samaki na kamba wanaokulia kwenye mizizi, na mawimbi yanayovunjwa nguvu kabla ya kufika kwenye nyumba, havimo katika hati inayouzwa, na anayechukua bei ya hati kuwa thamani ya mikoko amechukua sehemu kuwa kitu kizima.

Vinne hivi vikikabiliana

Tukivipitisha vipimo hivi kwenye uamuzi wa hoteli ya Shanzu, majibu hayafanani. Tathmini ya sheria inaweza kuziidhinisha njia zote mbili, kila moja kwa masharti. Viashiria vitaonyesha baada ya mwaka kwamba kisima kimetoa maji mengi na kimekula umeme mwingi, na kwamba vidimbwi vimepunguza mahitaji. Havitasema lipi ni bora. Uwiano wa kijamii utavipendelea vidimbwi ikiwa mafunzo yatahesabiwa kwa miaka kadhaa, na utavikataa yakihesabiwa kwa mwaka mmoja. Hesabu ya fedha itafuata asilimia iliyochaguliwa na bei aliyopewa jirani. Mkurugenzi anayetaka kuchimba anaweza kupata kipimo cha kumuunga mkono, na asiyetaka pia anaweza.

Ndiyo maana nasisitiza kuweka mipaka kabla ya kupima. Yapo madhara ambayo hayafai kuingizwa kwenye hesabu ya kutoa na kujumlisha, na Mombasa ililijua hili kwa gharama kubwa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi hadi mwaka 2014, na madini ya risasi yakaingia katika damu ya wakazi, watoto wakiwamo. Phyllis Omido aliyeongoza madai ya wakazi alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015; Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020; Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha mwaka 2023; na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Madini hayo huharibu ubongo wa mtoto, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake katika damu ambacho kinajulikana kuwa salama. Kiwanda kile kilitoa ajira na kiliondoa betri kuukuu mitaani. Mpimaji angeweza kuziandika faida hizo upande mmoja, akaweka madhara upande wa pili, akatoa jumla. Jumla hiyo ingekuwa upuuzi hata kama ingekuwa chanya, maana aliyepata mshahara na aliyepoteza akili zake si mtu mmoja.

Kwa hiyo mipaka huandikwa kwanza, kwa maneno machache: hakuna sumu itakayomfikia mtoto, chumvi katika kisima cha jirani haitapanda zaidi ya kiwango kilichoandikwa kabla ya kuchimba, na ikipanda pampu itazimwa, hakuna atakayelipwa chini ya kima cha sheria kwa kisingizio cha kandarasi. Njia inayovunja mpaka huondolewa mezani. Zinazobaki ndizo hupimwa na kulinganishwa.

Nani achague kipi

Kampuni iliyoorodheshwa sokoni au yenye mkopo mkubwa wa benki ingefaa itumie viashiria vya GRI, na itaongeza vya IFRS itakapotakiwa. Ushauri wangu kwayo ni isiviruhusu vya pili kuvimeza vya kwanza. Kampuni za kutoa mizigo bandarini na wenye malori wangeanza na dizeli, saa za madereva na mahali pa kuegesha, na wasijisumbue na uwiano wowote. Chama cha akina mama au shirika linaloomba ruzuku litaombwa uwiano wa kijamii, nalo liutoe pamoja na makisio yake yote, likiwa tayari kuonyesha lilipotoa 4, 2 na nusu. Mnunuzi mkubwa wa bidhaa kutoka mbali, mwenye maduka au hoteli kadhaa, atafaidika na hesabu ya fedha ya mara moja kila baada ya miaka michache, kwa lengo la kujua mzigo uko wapi, wala asiitumie kuamua kama jirani alipwe au asilipwe.

Biashara ya kati kama hoteli yetu ningeishauri itumie viashiria vichache visivyozidi kumi, vitanguliwe na mipaka iliyoandikwa na kikao cha kweli cha majirani, na vifuatwe na hesabu ya fedha mahali pamoja tu: gharama ya mtungi kwa mwenye kisima kilichoharibika. Kwa mpangilio huo vidimbwi vya matete vingepewa nafasi ya kwanza, kwa kuwa havigusi maji ya mtu. Kisima kingebaki kuwa njia ya akiba kwa miezi ya ukame, kikiwa na mita, kikomo cha kila siku, na mpango wa mahali pa kupeleka maji ya chumvi kali yanayobaki baada ya kuchuja, jambo ambalo wengi hulikumbuka baada ya mtambo kufungwa.

Gharama ya kuanza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa: mita za maji kwenye kila chanzo, kifaa cha kupimia chumvi, daftari, na saa chache za mhasibu kila mwezi. Vipimo vya visima vya majirani vianze angalau mwaka mmoja kabla ya kuchimba, vipitie kiangazi na masika, kwa sababu bila hali ya awali hakuna atakayeweza kuthibitisha baadaye kwamba chumvi iliongezeka, wala hoteli haitaweza kujitetea ikilaumiwa kwa chumvi iliyokuwapo tangu zamani. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili kwenye ukurasa mmoja na kukabidhiwa wazee wa mtaa na kikundi cha wavuvi wa ufuo huo kila baada ya miezi mitatu, namba mbaya zikiwa juu ya ukurasa pamoja na nzuri, na yawepo mezani kwa wakurugenzi siku ileile wanapojadili faida ya hoteli.